KIFUNGO KINA MWISHO, MBONA DOA HALINA MWISHO?

Ndugu wanachama, na ninyi wafanya kazi wote wa Nakuru, Naivasha, Gilgil, Njoro, Molo, Rongai na Subukia:

Wiki chache zilizopita mtu mmoja aliingia katika ofisi ya tawi letu, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne. Tulimpa kiti, akakataa kuketi. Akasema, "Ndugu Katibu, nisomee hii, labda mimi nimesoma vibaya." Hakuwa amesoma vibaya.

Jina la mtu huyu hatulitaji, wala shamba alilofanyia kazi hatulitaji. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mpiga dawa katika shamba la maua, na hajapata barua ya onyo hata moja. Ndipo wakubwa wa shamba wakasema kila mtu atatia sahihi mkataba mpya, na kila mtu alete cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai. Akapanda matatu mpaka Kituo cha Huduma, Nakuru. Akalipa Shs. 1,050/-. Akachukuliwa alama za vidole vyote kumi. Akangoja. Karatasi ilipotoka ilitaja kosa lake la mwaka 2003.

Kosa gani? Alikamatwa kando ya msitu na gunia moja la makaa. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mkewe amejifungua juzi. Askari walimwambia, "Ukikubali kosa utalala nyumbani leo." Akakubali. Korti ikamtoza faini, kaka yake akauza mbuzi wawili, faini ikalipwa siku ile ile. Hakufungwa hata siku moja.

Bwana Meneja alipoiona karatasi alisema maneno matatu tu: "Masharti ni masharti." Na kazi ya miaka kumi na mmoja ikaisha.

Sasa twauliza, na twataka kila mwanachama aulize pamoja nasi: faini ile ilikuwa ya nini? Ikiwa ilikuwa malipo ya kosa, basi deni lililipwa mwaka 2003. Ni duka gani likuuzialo kilo moja ya sukari, ukalipa, kisha baada ya miaka ishirini likutoze tena sukari ile ile uliyokwisha kunywa? Tukikutana na mwenye duka wa namna hiyo tutamwita mwizi. Lakini mambo kama hayo yanapofanywa kwa karatasi yenye muhuri, tunaambiwa ni utaratibu.

KIPANDE KIMEBADILI JINA

Wazee wa bonde hili hawahitaji kuelezwa habari za alama za vidole. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumiwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika mwenye miaka kumi na sita au zaidi alitakiwa kuwa na kipande. Kilitiwa ndani ya kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni. Ndani yake kulikuwa na alama za vidole vyake, jina la bwana wake na mshahara wake. Hakuweza kuondoka shamba moja kwenda jingine kabla bwana wa kwanza hajatia sahihi kwamba amemwachilia. Akitoroka, hakuitwa mtu aliyeacha kazi. Aliitwa mhalifu, na alama za vidole zilimfuata mpaka akapatikana.

Kipande ndicho kilichokuwa miongoni mwa mambo aliyoyapinga Harry Thuku mwaka 1921. Alipokamatwa mwezi Machi 1922, wafanya kazi walikusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi, wakapigwa risasi. Damu ile ilimwagika kwa sababu watu walikataa kutembea na tabia yao imeandikwa na mtu mwingine na kuning'inizwa shingoni kama kengele ya ng'ombe.

Kipande kiliondolewa kwa sheria ya mwaka 1947, iliyotaka watu wa kila rangi waandikishwe. Mnakumbuka walowezi walifanya nini? Wengi wao walipiga kelele na kupinga vikali kuchukuliwa alama za vidole, kwa kuwa waliona hayo ni mambo ya kufanyiwa wahalifu. Walikuwa wamewafanyia wafanya kazi wao jambo hilo hilo kwa karibu miaka thelathini bila haya.

Hatusemi kwamba cheti cha leo ni sawa na kipande katika kila jambo. Leo hakuna anayekizuia chakula cha ng'ombe wako wala kukurudisha shambani kwa pingu. Lakini tazama kazi kinayoifanya. Kipande kilimwezesha bwana mmoja kumharibia mtu riziki kwa mabwana wote waliobaki. Cheti hiki, bila sheria ya kukiwekea mpaka, chaweza kufanya hivyo hivyo. Tena sheria yetu wenyewe imekwisha kukataa desturi ile: kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chamtaka mwajiri ampe mfanya kazi anayeondoka cheti cha utumishi, na hakimlazimishi mwajiri kuandika lo lote juu ya tabia ya mtu. Basi mlango wa mbele umefungwa, na tabia imeingia kwa dirisha.

MAKOSA HAYA NI YA NANI?

Watu wengine husema, "Asiyetaka rekodi asivunje sheria." Maneno hayo ni matamu kwa mtu ambaye hajawahi kulala kituoni kwa kukosa shilingi mia mbili.

Hebu tutazame ni nani anayekamatwa katika mji wetu, uliopata kuwa jiji Desemba mwaka 2021. Ni mama anayeuza mboga kando ya barabara bila leseni. Ni kijana wa boda boda. Ni kibarua aliyetoka kilabuni jioni ya siku ya mshahara. Ni mtu aliyeokota kuni. Hawa huingizwa katika lori usiku, na asubuhi husimama kortini safu nzima, kila mmoja dakika chache. Mwenye nyumba kubwa hunywa kupita kiasi pia, lakini yeye hunywea sebuleni, na sebuleni hakupiti lori.

Haya si maneno yetu peke yetu. Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki, ambalo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu, lilifanya ukaguzi wa mambo ya jinai na taarifa yake ikazinduliwa mwaka 2017. Ukaguzi ule ulikiri kwamba mfumo unawaelemea maskini: wao ndio wanaokamatwa, wanaoshtakiwa na wanaofungwa kuliko wenye mali, na wengi wao ni kwa makosa madogo madogo.

Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni yake juu ya sheria za uzururaji. Ilisema sheria za kumkamata mtu kwa sababu hana kazi, hana makao au anaonekana ovyo ni kinyume cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, na serikali zizirekebishe au zizifute. Kenya yenyewe iliifuta Sheria yake ya Uzururaji mwaka 1997. Vema. Lakini twauliza: waliohukumiwa kwa sheria hiyo kabla ya kufutwa, ni sheria gani iliyoyafuta majina yao? Hatuioni. Kosa limekufa, mkosaji amebaki.

SHERIA INASEMA NINI LEO

Wanachama wengi wameuliza kama iko njia ya kuondoa jina katika daftari la wahalifu. Tutasema kweli, hata kama ni chungu.

Hakuna sheria ya Bunge la Kenya inayomwambia mtu mzima aliyehukumiwa: ukikaa miaka kadhaa bila kosa jingine, rekodi yako itafutwa. Hakuna miaka iliyotajwa, kwa kosa dogo wala kwa kosa kubwa. Mtu wa gunia la makaa na mtu wa bunduki wako katika safari moja isiyo na kituo cha mwisho.

Iko njia ya msamaha wa Rais, chini ya kifungu cha 133 cha Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya mwaka 2011 iliyoifuata. Lakini huo ni msamaha wa rehema. Mwenye kuomba rehema hupiga magoti na kungoja. Mwenye haki husimama na kudai. Wala haifai mtu aliyelipa faini ya makaa amsumbue Rais wa nchi.

Iko pia njia kwa mtu ambaye hakupatikana na hatia. Kifungu cha 35(2) cha Katiba chasema kila mtu ana haki ya kutaka habari zisizo za kweli, au zenye kupotosha, zinazomdhuru, zisahihishwe au zifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imetia nguvu jambo hilo. Basi ukiachiliwa huru na korti, kisha karatasi ikataja kesi ile kana kwamba bado ipo, una haki ya kudai isahihishwe. Lakini ni mfanya kazi gani wa kibarua anayejua kwamba haki hiyo ipo? Nani amemwambia?

Na tazama Sheria ya Ajira. Kifungu cha 5 chamkataza mwajiri kubagua mtu kwa rangi, jinsia, lugha, dini, siasa, asili, ulemavu, mimba na mambo mengine. Rekodi ya zamani haimo katika orodha hiyo. Pengo hilo ndilo wanalopita nalo mabwana.

Jambo moja jema lilifanyika mwaka 2022: Sheria ya Ajira ilirekebishwa ili anayetafuta kazi asitakiwe kuleta vyeti hivi kabla mwajiri hajakusudia kumwandika. Ni hatua, nasi twaishukuru. Lakini inamwokolea mtu nauli na ada tu. Haimwokolei kazi. Badala ya kukataliwa mlangoni, sasa anakataliwa mezani, kalamu iko mkononi.

WALIPOTAKA, WALIFUTA

Wakubwa wakisema jambo hili haliwezekani, tuwakumbushe mambo waliyoyafanya wenyewe, tena huku huku Bonde la Ufa.

Tarehe 8 Aprili 1953, Jomo Kenyatta alihukumiwa Kapenguria kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Alipotoka kizuizini Agosti 1961, sheria ilikuwa wazi: mtu aliyefungwa zaidi ya miaka miwili haruhusiwi kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Je, nchi ilisema "masharti ni masharti"? La! Watu walidai, na kabla ya mwaka ule kwisha serikali ya Uingereza ilikubali kuondoa kizuizi hicho. Kariuki Njiiri akamwachia kiti chake, na Januari 1962 Kenyatta akaingia Barazani. Juni 1963 akawa Waziri Mkuu. Taifa hili lilianza safari yake likiongozwa na mtu mwenye rekodi. Basi, kanuni ile ile iliyomfungulia mkubwa mlango, kwa nini isimfungulie mpiga dawa?

Nasi watu wa vyama vya wafanya kazi tuna historia yetu wenyewe. Chege Kibachia, aliyeongoza wafanya kazi wa Mombasa mwaka 1947, alikamatwa na kupelekwa Kabarnet. Makhan Singh alikamatwa Mei 1950 akazuiliwa mpaka Oktoba 1961, miaka kumi na mmoja na zaidi, Lokitaung, Maralal na kwingineko. Wakati ule waliitwa watu wa hatari. Leo wanaitwa mashujaa. Wao hawakubadilika, walibadilika waliowaandika daftarini.

Tena, chama cha Mau Mau kilipigwa marufuku mwaka 1950, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 2003. Uhuru ulikuwa na miaka karibu arobaini, na bado waliopigania uhuru walihesabiwa kwa sheria kuwa watu wa chama haramu. Wengi wao walitoka katika mashamba haya haya ya Nakuru, wakafa kabla karatasi haijasahihishwa. Ndivyo karatasi ilivyo: haina aibu, na haisahihishwi mpaka watu waisahihishe.

NCHI NYINGINE WAMEWEZA

Uingereza, waliotuletea korti na daftari lake, walitunga sheria mwaka 1974 kwamba hukumu nyingi, muda wake ukipita bila kosa jingine, zihesabiwe kuwa zimekwisha, na mtu asilazimike kuzitaja anapoomba kazi nyingi za kawaida. Walituletea daftari, kifutio wakakiacha kwao.

Afrika Kusini walirekebisha sheria yao mwaka 2008. Mtu aliyehukumiwa kwa kosa dogo, akatozwa faini au kupewa kifungo cha nje, baada ya miaka kumi aweza kuomba rekodi ifutwe. Na hukumu za sheria za ubaguzi, kama zile za pasi, hufutwa zenyewe bila mtu kuomba. Hapo pana somo kwetu tuliovaa kipande.

Katika jimbo la Pennsylvania huko Marekani, sheria ya mwaka 2018 iliamuru mashine zenyewe za serikali zifunge rekodi za makosa madogo ya watu waliokaa miaka kumi bila hukumu nyingine. Mtu hahitaji wakili wala nauli. Na sisi je? Serikali yetu ina mashine za kupokea Shs. 1,050/- kwa simu usiku wa manane. Mashine inayojua kupokea yaweza pia kufundishwa kufuta.

JAWABU KWA WENYE MASHAMBA NA MAKAMPUNI

Waajiri wanasema, "Tunalinda mali yetu na watu wetu." Hilo si neno la kupuuzwa, nasi hatulipuuzi. Hata sisi wafanya kazi tuna watoto shuleni na akiba katika vyama vya ushirika. Hatutaki mtu aliyenajisi watoto apewe darasa. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 imeweka daftari la watu wa hatari wa namna hiyo, na likae. Hatutaki aliyekula fedha za ushirika juzi apewe ufunguo wa sanduku leo.

Lakini tuulize: gunia la makaa la mwaka 2003 lina uhusiano gani na kupiga dawa maua ya waridi? Ulevi wa ujanani una uhusiano gani na kukama ng'ombe Njoro, au kuchuma pareto Molo? Kama hatari ipo, ionyeshwe. Mtu aliyefanya kazi mbele ya macho yenu miaka kumi na mmoja, mnataka ushahidi gani zaidi juu ya tabia yake? Cheti gani cha tabia njema kinashinda miaka kumi na mmoja ya kuamka saa kumi alfajiri?

Na kama ni usalama mnaoutafuta, fikirini tena. Katika Gereza la Naivasha na magereza mengine wafungwa hufunzwa useremala na ushonaji, na wengine hutoka na cheti cha ufundi cha serikali. Mkono mmoja wa serikali unampa mtu randa; mkono wa pili unampa karatasi inayomzuia kuitumia. Aende wapi? Mtu aliyefungiwa kila mlango wa halali, msishangae akionekana dirishani. Anayeongeza wizi katika nchi ni yule anayemnyima kazi mtu aliyekwisha kuacha wizi.

NENO KWETU SISI WENYEWE

Ndugu, tusiwatupie mabwana lawama zote. Tuna doa letu.

Tumesikia mashambani kwamba wafanya kazi wenyewe ndio hupeleka habari kwa meneja: "Huyu alifungwa." Wengine hufanya hivyo ili ndugu yake apate nafasi. Wengine hukataa kula meza moja na mtu aliyetoka jela. Mwakilishi mmoja wa wafanya kazi alituambia bila haya kwamba hawezi kumtetea "mtu wa jela". Tulimwuliza: ada ya chama anayolipa mtu huyo ina harufu ya jela? Alinyamaza.

Chama kinachochagua ni mwanachama gani wa kutetewa si chama, ni klabu. Leo unamcheka mwenzako kwa rekodi ya makaa. Kesho mwanao atakamatwa akirudi kutoka mpirani, atakubali kosa asilolielewa ili alale nyumbani, na wewe ndiwe utakayekuja katika ofisi hii na karatasi iliyokunjwa mara nne. Yaliyompata peo na ungo yatampata.

FANYA HIVI UKIKAMATWA, NA UKIISHA KUSHTAKIWA

Kinga ni bora kuliko dawa. Kila mwakilishi awasomee wenzake maneno haya wakati wa chakula:

Kwanza. Usikubali kosa usilolifanya ili uende nyumbani mapema. Ukikubali kosa, rufani yako itahusu ukubwa au uhalali wa adhabu tu, si hukumu ya kuwa na hatia. Usiku mmoja kituoni ni mrefu, lakini miaka ishirini ni mirefu zaidi.

Pili. Kama kosa ni la kweli na ni dogo, mwombe hakimu akutazame chini ya kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomruhusu kukuachilia bila kukuhukumu, pengine kwa sharti la kutorudia. Au omba uwekwe chini ya afisa wa majaribio, kwa kuwa sheria yamruhusu hakimu kufanya hivyo bila kutia hukumu. Lazima uombe, asiyeomba hapewi.

Tatu. Kama mshtaki anaondoa kesi, uliza inaondolewa kwa kifungu gani. Ikiondolewa chini ya kifungu cha 204 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, umeachiliwa huru kabisa. Ikiondolewa chini ya 87(a), waweza kushtakiwa tena kwa jambo lile lile.

Nne. Rufani kutoka kwa hakimu huwekwa ndani ya siku 14. Usingoje mshahara wa mwisho wa mwezi. Njoo ofisini siku ile ile.

Tano. Chukua nakala ya hukumu yenye muhuri wa korti na uiweke pamoja na cheti chako cha kuzaliwa. Ukiachiliwa huru, karatasi hiyo ndiyo ngao yako. Kama hujui kuisoma, tutakusomea.

TWADAI

Kwa hiyo twadai mambo haya, na kila tawi liyapige kura na kuyapeleka kwa mbunge wake:

1. Bunge litunge sheria ya kufuta rekodi, itaje miaka kwa hesabu. Kosa la faini au la kifungo kifupi lifutwe upesi. Kosa kubwa lingoje zaidi. Na makosa machache mazito yasiyofutwa yatajwe kwa majina, moja moja.

2. Muda ukitimia, jina lijifute lenyewe, bila ada, bila wakili, bila safari ya Nairobi.

3. Aliyeachiliwa huru asibaki daftarini hata siku moja. Aliyehukumiwa kwa sheria iliyofutwa, hukumu yake ifutwe pamoja na sheria.

4. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kiongezwe maneno: wala kwa sababu ya kosa la zamani lisilohusu kazi.

5. Mwajiri anayetaka cheti akilipie mwenyewe.

Haya ni ya Bunge, na Bunge huenda kwa mwendo wa kobe. Lakini liko jambo moja ambalo hatuhitaji mbunge ye yote. Mapatano yetu ya pamoja na waajiri hufanywa upya. Safari hii tutie kifungu kimoja kifupi: mfanya kazi aliyekwisha kuandikwa asidaiwe cheti cha tabia njema, wala asifukuzwe kwa kosa lililotokea kabla ya kuandikwa kwake, isipokuwa mwajiri athibitishe mbele ya chama kwamba kosa hilo lahusu kazi anayoifanya. Wakikataa, watueleze sababu mezani, si kwa kumnong'oneza mtu mmoja mmoja mlangoni.

Mtu yule wa makaa tumemwandikia barua ya madai, na shauri lake tunalo. Tukishindwa kwa mazungumzo tutalipeleka mbele, maana Mahakama ya Ajira iko Nakuru hapa hapa. Siku ile alipokuwa anatoka aliikunja karatasi yake tena, mara nne, akaitia mfukoni. Tukamwambia aiache hapa ofisini. Akauliza kwa nini. Tukamjibu kwamba tangu siku hiyo mzigo ule si wake peke yake.

Aliiacha. Imo katika faili. Mwanachama mwenye karatasi kama hiyo na ailete. Zikiwa nyingi tutazibeba sote pamoja mpaka mezani kwa waajiri, na kutoka hapo mpaka Bungeni.

Umoja ni nguvu.

Soma, kisha mpe mwenzako. Asiyejua kusoma, msomee.